Ukuta wa Kukalia

Mimi ni mtu wa Kawetele, hapa pembeni mwa mji wa Tukuyu, na maji niliyoyazoea ni ya mvua na ya mito. Kwa hiyo nawaomba radhi mapema ndugu zangu wa pwani iwapo katika kurasa hizi nitakosoa jambo lililo lao. Nimelitafakari tangu siku nilipochukuliwa na mkwe wangu kutembea Mizingani, kule Unguja, na kila ninapopita barabara yetu kuu iendayo Kasumulu linanirudia.

Binti yangu ameolewa Unguja. Mwaka 2022 alipojifungua mtoto wa pili, mimi na mama yake tulikwenda kumwona. Baba wa mumewe, mzee mtaratibu aliyewahi kufanya kazi bandarini, alinikuta nimekaa ukumbini nikisinzia.

"Mkwe," akasema, "inuka tukapunge upepo. Mwanamume hakai ndani alasiri kama hii."

Nilimwuliza tunakwenda kufanya nini huko. Akacheka sana. Kwetu Rungwe, ndugu msomaji, mtu mzima haondoki nyumbani bila shughuli. Akionekana njiani hana jembe wala mzigo, watu humwuliza kama kuna msiba. Basi nikavaa viatu nikamfuata mwenyeji wangu, na nakiri kwamba nilijisikia kama mtoro wa shule.

Tulianzia upande wa Malindi, karibu na bandari, tukaja tukiifuata bahari. Tuliipita Zahanati ya Zamani, lile jengo lenye roshani za mbao ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Tukaupita mti mkubwa wa Mtini, uliopandwa mwaka 1911. Tukapita mbele ya Beit el Sahel, kisha mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili. Mkwe wangu alisimama hapo akanyamaza kidogo, nami nikanyamaza naye. Mwisho tukafika Forodhani jua likiwa linazama, vijana wakichupa baharini kutoka ukutani na wauza mishkaki wakiwasha taa zao.

Njia hiyo tuliyoipita ni matunda ya kazi kubwa. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulikuwa umezeeka, mawimbi yakiula chini, na barabara iliyojaa magari iko juu yake. Ulijengwa upya, pamoja na njia ya waendao kwa miguu kando yake, katika mradi wa huduma za miji wa Zanzibar uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 38, ulioidhinishwa mwaka 2011. Mkopo huo haukuwa wa ukuta peke yake. Ulihusu pia mifereji ya maji ya mvua na taa za barabarani. Bustani ya Forodhani yenyewe ina historia nyingine. Iliwekwa katika miaka ya 1930 kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, ikachakaa, na baadaye shirika la utamaduni la Aga Khan likaikarabati hadi ikafunguliwa upya mwaka 2009.

Sasa niseme nilivyoiona kazi hiyo, maana aghalabu sisi huzipokea kazi za namna hii kwa hotuba za shukrani tu, kana kwamba barabara ni zawadi ya Idi. Kitabu kikitoka tunakihakiki. Mchezo ukichezwa tunauhakiki. Kwa nini njia ya kutembelea, ambayo italipwa na wajukuu zetu, isihakikiwe?

Kilichonipendeza kuliko vyote ni kimo cha ule ukuta. Huenda mhandisi alikuwa akiwaza mawimbi tu, lakini ametoa ukuta ambao mtu mzima anaweza kuukalia bila kuparamia na bila kuchuchumaa. Watu walikuwa wameukalia kutoka mwanzo hadi mwisho. Wazee wanazungumza, mama anamnyonyesha mtoto, wanafunzi wawili wanasoma daftari moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili si geni hata kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe zina baraza mbele, ile sakafu ya mawe ya kukalia nje ya mlango, ambapo mwenyeji na mpita njia hukutana bila mmoja kumwingilia mwenzake ndani. Ukuta wa Mizingani umekuwa baraza ya mji mzima. Waliochora ramani pengine waliuita kwa jina la kitaalamu, lakini wenyeji walipouona waliujua ni nini, wakaukalia.

Hata hivyo nina manung'uniko. La kwanza ni jua. Kesho yake nilirudi peke yangu saa sita mchana, kwa ukaidi wa mtu wa bara, na njia nzima nilikuwa karibu peke yangu. Saruji ilikuwa ya moto, bahari inametameta hata macho yanauma. Watu wote walikuwa chini ya Mtini. Mabaharia, madalali wa safari za visiwani, wauza machungwa, na paka. Mti mmoja wa mwaka 1911 unawafaa watu mchana kuliko fedha zote za karne hii, na sioni kwa nini wenye mradi hawakuupitia kwanza wakajifunza kitu. Mti hauna mkandarasi, labda ndiyo sababu.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Njia ya kutembea iko upande wa bahari. Watu wanakaa upande wa mji. Katikati kuna barabara, na barabara hiyo haipumziki. Magari ya abiria yanakimbilia boti ya Dar es Salaam, mapikipiki yanapenya, gari la hoteli linapiga honi. Jioni ile nilimwona bibi mmoja amemshika mjukuu mkono, amesimama ukingoni akingoja. Alingoja muda mrefu hata mkwe wangu akaingia barabarani akainua mkono kama askari wa usalama barabarani, ndipo bibi akavuka. Hakutazama nyuma kushukuru. Alikuwa anaharakisha kumtoa mtoto.

Nikamwambia mkwe wangu, "Mmejengewa pa kukaa, hamkujengewa pa kufikia."

Akanijibu, "Mwalimu, wewe una macho makali. Sisi tumeshazoea kukimbia."

Kuzoea kukimbia! Neno hilo nilirudi nalo Kawetele.

Niliwahi pia kupita Mombasa mara mbili, kabla na baada ya kukarabatiwa kwa ufukwe wa Mama Ngina, uliofunguliwa Oktoba 2019. Sitasema mengi, maana sikukaa. Mara ya kwanza nilikula mihogo ya pilipili chini ya mibuyu, nikitazama meli zikiingia Kilindini. Mara ya pili nilikuta sakafu nzuri, milango ya mapambo ya Kiswahili, vibanda vimepangwa mstari, na mihogo ilikuwapo bado, ila nilihisi kama nimekwenda kumtembelea jamaa aliyepata cheo. Mibuyu ilibaki, na hilo ni la kuwapongeza.

Lakini niseme kwa nini bibi yule wa Mizingani alinigusa kiasi hiki.

Barabara yetu inatoka Uyole, Mbeya, inapanda na kushuka kando ya Mlima Rungwe, inauvuka mto Kiwira, inapita Tukuyu na kuteremka hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Ni barabara ya lami, ni barabara ya malori, na ni barabara ya ndizi. Alfajiri ukungu ukiwa umetanda, akina mama wanatembea ukingoni na mikungu kichwani kwenda sokoni, na watoto wanatembea ukingoni kwenda shule. Nasema ukingoni kwa sababu hakuna neno jingine. Upande mmoja lami, upande wa pili mtaro, na katikati sehemu ya unyayo mmoja, tena wenye utelezi, kwani huku kwetu mvua hupumzika miezi michache tu katika mwaka.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne, mtoto wa kiume, hodari wa hesabu. Asubuhi moja ya Aprili lori lilimkuta ukungu ukiwa mzito. Dereva hakukimbia, alikaa chini barabarani analia, na nadhani hakuwa mwongo aliposema hakuona kitu. Tulimzika mtoto kesho yake. Baada ya wiki kadhaa mtaalamu mmoja alikuja kukutana na wazazi, na mama mmoja akamwuliza kama haiwezekani kuwekewa njia ya miguu, hata ya changarawe tu. Yule bwana alijibu kwa upole kabisa kwamba fungu lililopo ni la magari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Mimi nilikuwa katibu wa mkutano, nami nikakiandika hivyo hivyo katika daftari la mkutano: fungu ni la magari.

Katika Kiswahili chetu neno barabara lina maana ya njia kuu, na pia lina maana ya sawasawa, kama inavyotakiwa. Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kuwaonyesha watoto maneno ya namna hiyo. Baada ya mazishi yale sikulifundisha tena.

Ndiyo maana nasema kosa la Mizingani na kosa la Kiwira ni ndugu. Huko wamejenga njia nzuri ya miguu wakasahau mguu unatoka wapi. Huku hawakuijenga kabisa. Katika hali zote mbili barabara imekadiriwa kwa kuyatazama magari kwanza, na mtu akawekwa penye nafasi iliyobaki. Tofauti ni kwamba pwani nafasi iliyobaki ilikuwa na mandhari.

Siku hizi vijana wetu wasomi wana wazo jipya. Wanasema kwa kuwa tunalo Daraja la Mungu, ule mwamba unaovuka mto Kiwira, na tunacho Kijungu, mahali maji yanapozama ndani ya mwamba, basi tujengewe njia ya kutembelea kandokando ya mto, yenye taa na mabenchi, watalii waje. Siwabezi. Mimi mwenyewe tangu Unguja nimekuwa mpenzi wa kupunga upepo. Lakini mto si bahari, na ukitaka kujenga kando yake lazima uuombe ruhusa. Pale Jangwani, Dar es Salaam, Msimbazi umewafundisha wakubwa kwa miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu mabondeni, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekwa papo hapo bondeni, na maji yakaifuata zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 ukaidhinishwa mkopo mwingine wa Benki ya Dunia, wa kulitengeneza bonde lenyewe, kuinua daraja la Jangwani na kuweka bustani mahali ambapo mto hupenda kulala. Yaani hatimaye wamekubali kwamba mto nao una kitanda chake. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwa imeshasema kwamba mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiwe na shughuli za kudumu za watu. Mita 60 zinatosha kabisa kwa njia ya udongo, kwa miti, na kwa mto kujinyoosha masika. Kwa saruji na mabenchi sioni kama zinatosha.

Vijana hao nimewaambia hivi: mkipata mfadhili, mwambieni aanze na ukingo wa barabara kutoka darajani hadi shuleni. Aweke njia ya miguu yenye upana wa kupishana akina mama wawili wenye mikungu ya ndizi. Aweke na ukuta wa kukalia, kimo cha goti, pale kwenye kona ambapo wote hupumzika. Halafu twende mtoni. Mmoja wao alinijibu, "Shikamoo Mwalimu, lakini mtalii haji kutazama ukingo wa barabara." Nikamwambia marahaba. Nadhani ana haki, na bado nadhani amekosea.

Mwezi uliopita nilitoka na mjukuu wangu, yule yule wa Unguja, aliyeletwa kutuona. Alitaka tukapunge upepo kama wanavyofanya na babu yake wa kule. Nikamshika mkono tukaenda hadi barabarani. Lori la kwanza lilipopita alinivuta shati akaniuliza ukuta uko wapi. Tukarudi, tukapitia katika migomba ya jirani, ambako watu wamejitengenezea kijia chao, nyuma ya nyumba, mbali na lami. Kilikuwa na utelezi, lakini tulitembea wawili sambamba karibu njia yote.