Zaburi ya Augustino na Mizani ya Shairi: Usomaji kutoka Mombasa

Katika mjadala wa lugha ya fasihi ya Kiafrika, Augustino wa Hippo hutajwa aghalabu kama shahidi wa upande mmoja: Mwafrika aliyeandika kwa Kilatini, lugha ya dola, na asipungukiwe na kitu. Ushahidi huo hutegemea Confessiones na De civitate Dei. Upo utungo mfupi unaoutatiza, nao ni Psalmus contra partem Donati, zaburi aliyoitunga yapata mwaka 393. Wasomi wengi huupitia haraka kwa kuuona ni mabishano ya kidini tu. Yamkini msomaji aliyelelewa na mashairi ya Mombasa atausikia vizuri zaidi kuliko mwanafunzi wa Virgil.

Mtunzi alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Alifundisha ufasaha wa lugha Carthage, Roma na Milan, akabatizwa mwaka 387, akawa padri wa Hippo mwaka 391 na askofu miaka michache baadaye. Alifariki mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Alipotunga zaburi hii alikuwa padri bado, na Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika. Wadonati walikataa uhalali wa maaskofu waliohusishwa na wale waliosalimisha vitabu vitakatifu wakati wa mateso. Wadonati nao walikuwa na zaburi zao za kuimba, na Augustino akaamua kuwajibu kwa wimbo.

Fani yake ndiyo inayoshangaza. Utungo una beti 20, na kila ubeti huanza kwa herufi inayofuata ya alfabeti, kutoka A hadi V. Kwa kawaida mshororo una mizani 16 iliyokatwa katikati, 8 kwa 8. Kina cha mwisho ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani sauti ya e, na baada ya kila ubeti hadhira hurudia kibwagizo. Arudhi ya Kilatini cha shule, iliyopima urefu na ufupi wa irabu, imewekwa kando. Wala si kwamba mtunzi hakuijua, kwani ndiye aliyeandika De musica, vitabu sita juu ya arudhi hiyo hiyo. Katika Retractationes, alipoyapitia maandishi yake uzeeni, alieleza kwamba aliwalenga watu wa chini kabisa, na hakutaka vipimo vimlazimishe kutumia maneno wasiyoyajua. Aidha, katika De doctrina christiana alikiri kwamba masikio ya Waafrika hayakutofautisha irabu fupi na ndefu, akamruhusu mhubiri atumie neno lenye makosa ya sarufi iwapo ndilo litakaloeleweka.

Jina la Buxton kisiwani Mombasa linakumbusha shule ya misheni ya CMS. W. E. Taylor alikuwa wa misheni hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mji wa Kale. Mshororo wa Muyaka nao una mizani 16, ukwapi 8 na utao 8. Washairi wa Kiswahili, japo walisoma Kiarabu, hawakuchukua arudhi ya Kiarabu inayopima urefu wa silabi. Walihesabu silabi tu. Hakuna uhusiano wa kihistoria unaodaiwa hapa. Linalodaiwa ni kwamba pande zote mbili wasomi waliacha kipimo cha vitabu na kufuata sikio la umma. Tofauti ipo pia: Muyaka ana kina cha kati, Augustino hana, na kwa hiyo mshororo wake huchosha upesi zaidi.

Maudhui hayachoshi. Ubeti wa kwanza ni mfano wa juya: samaki wema na wabaya wamo pamoja, na hawachaguliwi hadi pwani. Wadonati ni wale waliolichana juya wakarudi baharini. Mvuvi yeyote wa pwani angeuelewa ukali wa taswira hiyo bila sharhe. Mwishoni Kanisa lenyewe linasema kama mama anayewauliza wanawe kwa nini wamemtupa.

Hata hivyo, lugha ya umma si lazima iwe upande wa umma. Mwaka 405 sheria za dola ziliwakaza Wadonati, na katika waraka wake wa 93, wa mwaka 408 hivi, Augustino aliandika kwamba hapo awali alipinga watu kulazimishwa, kisha akabadili msimamo. Sauti ya mama katika zaburi haiwezi kusomwa tena bila kuikumbuka sheria hiyo. Muyaka naye alikuwa mshairi wa upande mmoja, akiwatetea Mazrui dhidi ya Sayyid Said, lakini upande wake ndio ulioshindwa, mwaka 1837.

Atakayeitafsiri zaburi hii kwa Kiswahili atapata mizani kwa wepesi. Kina ndicho kitakachomsumbua. Vitenzi vinavyoishia kwa e, kama tuone, wasikie, arudi akae, vipo tele, lakini ni vya kuhimiza na kuamuru. Akivitegemea hivyo tu, sehemu ndefu inayosimulia asili ya mfarakano itageuka kuwa mawaidha, na simulizi hiyo ndiyo iliyombeba Augustino mbele ya waimbaji wake wa Hippo.