Ukisikia Vyaimba, Vimeundwa

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Tanga gita la besi lilikuwa limepotea, na hakuna aliyejua. Santuri zilikuwa zilezile: taarabu ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji wetu vilivyoingiza magita ya umeme na besi ndani ya taarabu, na dansi la Atomic Jazz. Shakila aliimba, magita yakaitikia, nasi tukatikisa vichwa kama ilivyo ada. Besi ilikuwa imeondoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na masikio yetu yalizoea kuikosa hata tukaamini kwamba ndivyo zilivyorekodiwa.

Mwizi nilikuja kumjua siku nilipofungua skurubu za amplifaya ya baba. Ni Quad 303, aliyoinunua Uingereza alipokuwa masomoni miaka ya sabini akaja nayo kwa meli. Kwa umbo ni ndogo, lakini ukiinyanyua unashtuka, maana ina uzito wa kilo nane hivi, na uso wake una mapezi ya alumini ya kupozea joto. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1967, ikitengenezwa Huntingdon na kampuni aliyoianzisha Peter Walker mwaka 1936. Ina wati 45 kila upande, ambazo kwa vipimo vya leo ni chache. Waliozisikia katika chumba cha kawaida wanajua kwamba zinatosha na kubaki.

Miaka hiyo wapenzi wengi wa muziki walikuwa bado na imani na valvu, na transista waliitazama kwa wasiwasi. Transista ikipata joto hupitisha umeme mwingi zaidi, umeme huo huongeza joto, na usipoweka breki kifaa kinajiunguza chenyewe. Wahandisi wa Huntingdon walizifunga transista tatu tatu zifanye kazi kama moja, hivi kwamba joto la ile kubwa inayobeba mzigo haliwezi kuvuruga kipimo kilichowekwa. Mchoro wa sakiti waliouchora unasomeka mpaka leo, na mtu mwenye subira akiufuata kwa kidole, waya kwa waya, anaelewa kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Nimekaa nao usiku mwingi. Mtu aliyechora vile alimheshimu fundi asiyemjua, ambaye angekuja kukifungua chombo miaka hamsini baadaye katika mji ambao huenda yeye hakuwahi hata kuusikia.

Chanzo cha besi kupotea kilikuwa kapasita mbili kubwa zilizosimama ndani kama makopo ya maziwa, moja kwa kila spika. Katika amplifaya hii muziki wote hupita humo kabla ya kutoka. Kazi ya kapasita hiyo ni ya bawabu: umeme ulionyooka, ambao ungeichoma spika, unazuiwa mlangoni, na muziki, ambao ni umeme wa kwenda na kurudi, unaruhusiwa. Kila moja ilitoka kiwandani ikiwa na maikrofaradi 2000. Kwa spika ya omu 8, mlango wa kiasi hicho unapitisha sauti nzito hadi chini ya mitetemo 10 kwa sekunde ndipo unaanza kubana. Nilipoipima ile ya kushoto, mita haikufika 500. Kwa kiasi hicho mlango unaanza kubana kwenye mitetemo 40, na uzi mnene kabisa wa gita la besi hutetema 41. Hesabu ile niliifanya mara mbili kwenye karatasi, nikaweka kalamu chini. Bawabu alikuwa amezeeka, na wageni aliokuwa akiwakatalia ni walewale wapiga besi wa Tanga.

Kapasita ya namna hii, ya elektroliti, hufa kwa kiu. Ndani yake kuna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa majimaji maalumu. Majimaji hayo hupenya kidogo kidogo kwenye kizibo cha mpira na kupotea hewani. Kiwandani huandikwa umri, mathalani saa 2,000 kwenye joto la nyuzi 85, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10, umri huongezeka maradufu. Ikikaa kwenye nyuzi 45 itaishi saa 32,000. Mpe msikilizaji saa nne kila siku, na una miaka ishirini na mbili hivi. Ya baba ilikuwa imepita umri huo kwa mbali, tena katika joto la pwani na upepo wa chumvi unaogeuza vichwa vya waya kuwa kijani. Ilikuwa imefanya kazi kupita ahadi yake.

Sikuanza kuitengeneza amplifaya kabla sijamwona mzee mmoja wa Ngamiani, hapa mjini, fundi redio tangu enzi za redio za mbao. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa au maiti?"

Nilimweleza. Nikamwambia nimepanga kubadilisha kila kitu: kapasita zote, transista zote, rezista zote, niirudishe mpya kabisa. Aliinyanyua, akaitazama chini na kando, akaigonga kwa kucha.

"Mwanangu, usizike kilicho hai," akasema. "Pima kwanza."

Maneno hayo ndiyo elimu yote ya ufundi huu, na mimi yalinichukua miezi kuyaelewa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Anayefungua kifaa cha zamani akiwa na mfuko wa spea mpya hushikwa na uchu wa kung'oa, kwa kuwa kung'oa kunaonekana kama kazi. Kumbe transfoma iliyosukwa vizuri huweza kuishi kuliko mwenye nyumba. Transista nzima ya mwaka 1970 ni nzima. Haijui umri wake. Rezista iliyobaki ndani ya kipimo chake haina kosa. Nilipopima moja baada ya moja nikaandika kwenye daftari, wafu walikuwa wachache: kapasita za elektroliti, kubwa na ndogo, pamoja na vile vidude vidogo vya kurekebishia vyenye njia ya kaboni iliyolika. Vingine vyote vilikuwa hai na vilistahili kuachwa.

Sisi watu wa pwani tuna ufundi unaofanana na huu kabisa. Jahazi likianza kuvuja, fundi halivunji. Analivuta ufukoni maji yakipwa, anakagua mataruma na mbao, kisha anatia kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, inapigwa kwa nyundo na patasi kati ya ubao na ubao. Ubao uliooza unabadilishwa. Ulio mzima unabaki na historia yake. Na jahazi lililokaa juani muda mrefu halisukumwi majini na kupakiwa shehena siku hiyohiyo, maana mbao zimesinyaa. Linaachwa linywe maji kwanza. Kapasita iliyokaa miaka bila umeme ni vivyo hivyo: utando mwembamba unaoilinda ndani umedhoofika, na ukiipa umeme wote kwa ghafla inaweza kupasuka. Ukiipa kidogo kidogo, utando hujijenga upya. Nani alimfundisha nani, fundi wa jahazi au fundi wa redio, sijali. Wote wawili wamejifunza kutokana na vitu vyenyewe.

Kazi yenyewe huanza na usalama. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata waya ukichomolewa ukutani, kwa hiyo unaukausha kwa rezista nene na kupima mpaka mita isome sifuri. Wako wanaogusanisha ncha zake kwa bisibisi wakafurahia cheche. Cheche hiyo huumiza kifaa na ipo siku itamuumiza mtu. Kisha pasi ya kulehemu. Lehemu ya bati na risasi, sitini kwa arobaini, huyeyuka karibu na nyuzi 190. Unapasha waya na bodi pamoja, unaileta lehemu, inatiririka yenyewe na kukumbatia kiungo, unaondoa pasi na hupumui mpaka igande. Kiungo kizuri kinang'aa. Kilichofifia na kuwa na chengachenga kitakuja kukutoa usingizini, kwa sababu leo kitashika na kesho kitaachia.

Nilikosea, na kosa langu nalisimulia ili lisaidie mwingine. Kapasita ya elektroliti ina chanya na hasi. Usiku mmoja, nikiwa na haraka ya kusikia muziki kabla ya kulala, niligeuza moja ndogo. Ililipuka kwa mlio mkali na chumba kikajaa harufu ya uchachu. Haikuharibu kitu kingine, ila nilizima taa nikaenda kulala, na tangu hapo silehemu nikiwa na haraka. Safari nyingine nilimtengenezea rafiki amplifaya iliyokufa transista, nikanunua mpya dukani zikiwa na maandishi safi ya kampuni yenye sifa. Ziliungua zote mbili dakika ya kwanza. Nikazikata kofia kwa msumeno: ndani palikuwa na chembe ya silikoni ndogo mno kwa mzigo ilioandikiwa. Zilikuwa feki zilizovikwa jina la watu. Ubaya wa spea feki hauishii kwenye hasara ya fedha. Humfanya fundi mwaminifu aonekane mwongo mbele ya mteja wake, na humfanya mwenye kifaa aamini kwamba cha kale hakitengenezeki. Sasa napima kila kitu kabla hakijaingia kwenye bodi, hata kama muuzaji ni ndugu yangu.

Kapasita mpya zilinishangaza kwa udogo wake. Maikrofaradi zilezile leo zinakaa kwenye kopo lisilofika nusu ya lile la zamani, na zimeandikwa nyuzi 105 badala ya 85. Nilizifunga imara mahali pa zile za awali, nikaelekeza waya kwenye njia zake za zamani, ili atakayefungua baada yangu asipotee. Kopo la zamani la kushoto sikulitupa. Liko kwenye rafu.

Kisha ukaja wakati wa kuwasha, nao mafundi wana dawa yake, rahisi kuliko kifaa chochote cha maabara: balbu ya kawaida ya wati 60 inayofungwa kwenye njia ya umeme kabla ya amplifaya. Kama ndani kuna shoti, balbu inabeba mzigo wote, inawaka kwa ukali na kifaa kinapona. Kama mambo ni salama, inamulika mara moja wakati kapasita zinajaa, halafu inafifia. Nilibonyeza swichi. Balbu ikamulika, ikawa nyekundu kama kaa la moto linalokwisha, ikazimika. Nikashusha pumzi.

Nikaondoa balbu na kurekebisha. Volti za ndani zinapaswa kuwa 67; nikageuza kidude polepole mpaka mita ikasoma 67. Kila upande ukawekwa katikati, nusu ya hizo. Mwisho ule umeme mdogo wa kupumzikia, unaopimwa kwa milivolti chache, ambao ukiwa haba sauti inakwaruza pale inapovuka kutoka transista moja kwenda nyingine, na ukizidi joto linapanda bure. Unageuza kwa upana wa unywele, unangoja kifaa kipate joto, unapima tena. Huwezi kuusukuma wakati huo uende upesi.

Nilimwita mama kabla sijaweka santuri. Sikumwambia nimebadilisha nini. Niliweka taarabu ya Black Star, ileile aliyokuwa akiisikiliza tangu ujana. Besi ikaingia kutoka chini, nene na tulivu, ikatembea chini ya magita kama mtu anayejua njia ya kwao. Mama alinyamaza. Kisha akauliza, "Hii ni santuri nyingine?"

Ni swali hilo linalonifanya niusifu ufundi huu. Anayefufua chombo cha muziki haongezi hata noti moja. Besi ile ilipigwa Tanga zamani, ikachongwa kwenye mfereji wa santuri, ikakaa pale ikingoja miaka yote tuliyodhani haipo. Kazi ya fundi ni kuondoa kilichosimama kati ya waliopiga na wanaosikiliza, na akishamaliza, alama ya mkono wake isisikike kabisa. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nimejifunza kwamba vinavyoimba navyo vimeundwa, tena vimetiwa kalafati na watu wasiotajwa kwenye jalada la santuri yoyote.

Watu hao wanapungua. Vibanda vya mafundi redio vinageuka kuwa vya kuuza makava ya simu, na amplifaya za wazee wetu zinapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, shaba ya transfoma upande huu, alumini ya mapezi upande ule. Kwa hiyo wewe uliyerithi moja, imefunikwa kitambaa pembeni mwa sebule, nakuomba usiiuze kwa kilo. Usiichomeke ukutani ghafla pia. Mtafute fundi mzee aliye karibu nawe angali hai, umpelekee, na umpeleke kijana mmoja akae pembeni yake atazame. Spea zake nyingi zinapatikana, na hazina bei ya kutisha. Kinachoadimika ni mkono unaojua cha kubadilisha na cha kuacha.