Lenzi ya Kufanyia Kazi Cimpunda

Mpiga picha anayefanya kazi Cimpunda, mtaa wa Kadutu mjini Bukavu, hana pa kurudi nyuma. Nyumba za mbao zimebanana kwenye mteremko wa Kadutu, vichochoro vingine mtu anapita kwa ubavu, na sebule utakayoitiwa kupiga picha za mahari au za mtoto aliyetoka kubatizwa mara nyingi ina mlango mmoja na kidirisha. Umeme ukikatika, kinachobaki ni kitaa cha sola ukutani au mwanga unaoingia mlangoni. Anayetaka kununua lenzi ndogo isiyo na zumu kwa kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) aanze na sebule hiyo, kabla hajasoma majedwali ya watengenezaji na kabla hajabishana na wenzake juu ya Sony na Fujifilm. Lenzi inayoweza kazi ndani ya sebule ile itaweza kazi karibu popote Bukavu. Iliyosifiwa kwa picha za Ziwa Kivu wakati wa machweo inaweza kukuangusha sebuleni.

Hesabu ya kwanza ni ya upana. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36; gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama, na umepata upana wa kitu unachoweza kukipiga. Chukua sebule ya mita tatu. Ukishatoa nafasi ya mwili wako na ya viti vya upande wa pili, umebaki na mita 2 kati ya lenzi na nyuso za watu. Kwa umbali huo lenzi ya milimita 50 inashika upana wa mita 1.44, yaani watu wawili na bega la watatu. Ya milimita 35 inashika mita 2.06. Ya milimita 28 inafika mita 2.57, lakini mama aliyekaa mwishoni mwa kochi atavutwa shavu na mkono, na hatafurahi akiiona picha yake. Kwangu mimi uamuzi ni 35, au inayolingana nayo: milimita 23 kwa kamera za sensa ya APS-C, milimita 17 kwa Micro Four Thirds. Ile ya 50 ni nzuri sana kwa picha ya mtu mmoja kizingitini. Kuifanya lenzi yako pekee mtaani hapa ni kujifunga mikono.

Baada ya upana, tundu. Hapa ndipo udogo unapowadanganya wengi. Kuna lenzi bapa zinazoingia mfuko wa shati na zinapendeza mkononi: Fujifilm XF 27mm f/2.8 ya mwaka 2013 ina gramu 78 tu, Sony Sonnar 35mm f/2.8 ya mwaka huo huo ina gramu 120, na Canon RF 28mm f/2.8 ya mwaka 2023 nayo ni gramu 120. Zote ni kazi safi ya ufundi. Lakini f/2.8 inapitisha nusu ya mwanga wa f/2. Pale ambapo f/2 ingekupa kasi ya 1/125 kwa ISO 3200, f/2.8 inakudai ISO 6400 au kasi ya 1/60, na kwa 1/60 mikono ya mtu anayecheza ngoma inafutika. Mwenye kupiga picha za barabarani mchana, pale sokoni Kadutu, anunue lenzi bapa na asijute. Mwenye kuingia ndani ya nyumba za watu anahitaji f/2.

Wengine watasema, basi kwa nini usiende f/1.4 moja kwa moja? Kwanza ni uzito na ukubwa. Lakini sababu kubwa zaidi ni watu wenyewe. Lenzi ya milimita 35 kwa f/1.4, umbali wa mita 2, inakupa kina cha fokasi cha sentimita 27 hivi. Familia iliyokaa kwa safu mbili haienei humo: baba atakuwa mkali, watoto waliosimama nyuma yake watalegea. Kwa f/2 unapata karibu sentimita 40, ambazo kwa kuwapanga vizuri zinatosha. Mwanga wa ziada wa f/1.4 utaulipia na hutautumia.

Ukishapata lenzi ya upana na tundu hilo, ipime wewe mwenyewe, hiyo hiyo unayotaka kuinunua, kwa sababu lenzi mbili za aina moja zinaweza kutofautiana. Kipimo bora kiko mtaani: ukuta wa mbao. Tafuta ukuta uliopigiliwa misumari, nyuzi za ubao zikionekana, jua likiupiga kwa upande. Weka kamera juu ya kitu kisichotikisika, sensa iwe sambamba na ukuta, tundu wazi kabisa, ISO ya chini. Piga, kisha kuza picha uangalie misumari ya pembe nne. Pembe zote nne zikilegea kwa kiasi kimoja, hiyo ndiyo tabia ya lenzi, na ukifunga hadi f/4 au f/5.6 kwa kawaida zitakaza. Pembe moja ikilegea kuliko nyingine tatu, kuna jambo. Geuza kamera juu chini, upige tena ukuta ule ule. Ulegevu ukibaki kwenye msumari ule ule, ulikuwa hujasimama sawa na ukuta. Ukihamia kwenye msumari wa pembe ya mkabala, yaani umeifuata kamera, kioo kimoja ndani kimekaa upande: lenzi imewahi kuanguka, au ilitoka kiwandani hivyo. Hata ikiwa inang'aa kama mpya, usiinunue.

Rudia jaribio hilo kwa karibu, sentimita 30 au 40, kwa sababu lenzi nyingi ndogo hubadilika tabia zikisogea. Fujifilm XF 23mm f/2 ya mwaka 2016, gramu 180, inayopendwa sana na wapiga picha wa habari, ni kali kwa mbali lakini hulegea kwa f/2 ukiwa karibu mno. Ukifunga hadi f/2.8 au f/4 inajikusanya. Si sababu ya kuikataa. Ni jambo la kulijua kabla hujapiga mkono wa mtoto mchanga na kujiuliza kwa nini kucha zimekuwa laini hivyo.

Sasa jaribio ninalolithamini kuliko yote, na ambalo majedwali hayalizungumzii vya kutosha. Mwombe mtu mwenye ngozi nyeusi hasa, aliyevaa koti jeusi au kitenge cha rangi nzito, asimame ndani ya nyumba saa sita mchana, mlango ulio wazi ukiwa nyuma ya bega lake. Pima mwanga kwa uso wake, na uache mlango uwe mweupe kabisa. Halafu tazama picha polepole. Kwenye lenzi nzuri weupe unaishia kwenye ukingo wa mlango. Nywele zinaonekana, kivuli cha chini ya kidevu ni cheusi kweli, na kati ya shavu, kivuli na kola unaona weusi wa aina tatu, kila mmoja na rangi yake: wenye wekundu kidogo, wenye ubuluu, wenye kahawia. Kwenye lenzi dhaifu, mwanga wa mlangoni unadunda kati ya vioo vya ndani na kumwagika kwenye picha nzima kama maziwa yaliyotiwa kwenye chai ya rangi. Weusi wote watatu unakuwa mmoja, na huo mmoja ni kijivu. Mtu anaonekana amepakwa majivu.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mwanga uliomwagika unaongezeka sawa kila mahali, kwenye sehemu nyeupe na kwenye sehemu nyeusi. Kwenye shati jeupe hauonekani, kwa kuwa shati tayari lina mwanga mwingi. Kwenye ngozi yetu iliyo kivulini, kiasi hicho hicho kinaweza kuwa nusu ya mwanga wote uliopo. Lenzi inayompiga vizuri mtu mweupe mbele ya dirisha haijathibitisha lolote kwa kazi ya hapa. Kinachoamua ni rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kila kioo, weusi wa ukuta wa ndani wa lenzi, na idadi ya vioo vyenyewe. Haya hayaandikwi kwenye boksi. Programu ya kompyuta inaweza kurudisha weusi kwa nguvu, lakini tofauti ndogo zilizokwisha kuzama hazirudi zote, na chengachenga zinapanda. Kabla ya kuihukumu lenzi, vua filta ya bei rahisi iliyo mbele yake na futa alama za vidole. Filta mbaya inaweza kuifanya lenzi bora ionekane mgonjwa, na nimeona watu wakiuza lenzi nzuri kwa kosa la kioo cha dola chache.

Jicho la kuamua haya linafunzwa kwa kutazama picha za watu wanaojua weusi. Jean Depara aliyepiga usiku wa Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960 ni shule nzima. Karibu zaidi na sisi, mradi wa mwaka 2020 uitwao Congo in Conversation, ulioongozwa na Finbarr O'Reilly kwa ufadhili wa tuzo ya Carmignac, uliwakusanya wapiga picha Wakongo, akiwemo Raissa Karama Rwizibuka wa hapa Bukavu. Tazama kazi kama hizo kwa swali moja: je, naweza kutofautisha ngozi, nywele na nguo kwenye kivuli? Ukishazoea kuona tofauti hiyo, hutahitaji kuambiwa lenzi ipi ni nzuri.

Jambo la kupinda kwa mistari nitalipitia haraka. Lenzi nyingi ndogo za siku hizi ni ndogo kwa sababu waundaji wameacha mistari ipinde na pembe ziwe na giza, kisha kamera inasahihisha yenyewe. Canon RF 16mm f/2.8 ya mwaka 2021 ni mfano wa wazi. Mimi siiti udanganyifu. Lakini pembe iliyoangazwa kwa programu kwenye ISO 6400 inatoa chengachenga nyingi kuliko katikati, kwa hiyo fungua faili ghafi kwenye programu ya bure kama darktable au RawTherapee, zima usahihishaji, uone lenzi ikiwa uchi. Utajua unanunua kioo kiasi gani na hesabu kiasi gani.

Lenzi nyingi zinafika kwetu ndani ya mabegi ya wasafiri kutoka Kigali, Kampala au Dubai, zinalipwa kwa dola, na dhamana inaishia pale mnaposhikana mikono. Kagua kama mnunuzi wa ng'ombe anavyokagua meno. Mulika tochi ya simu kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Vumbi dogo halidhuru picha. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi kutoka ukingoni ni kuvu, na katika mji huu ambao mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kuvu haipungui yenyewe. Ikatae hata kwa nusu bei. Itunze yako kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu vipya. Usitie mchele, unga wake unaingia kwenye pete.

Usiogope kila sauti. Baadhi ya lenzi za kisasa zinagongagonga ndani kamera ikiwa imezimwa, kwa kuwa kundi la vioo vya fokasi linashikiliwa na sumaku za mota, na likipata umeme linatulia. Vilevile pete ya fokasi kuzunguka bila kufanya kitu lenzi ikiwa mkononi ni kawaida, inahitaji umeme wa kamera. Fokasi yenyewe ijaribu kwa mtoto anayekimbia kichochoroni. Panasonic 20mm f/1.7 ya mwaka 2009, gramu 100, ina picha tamu ajabu, lakini fokasi yake ni nzito na mtoto atakuwa amekwisha pita.

Ukiniuliza ya kununua, mwenye Fujifilm achukue ile XF 23mm f/2, ina mpira wa kuzuia maji kwenye pete ya kufungia na itavumilia mvua ya njiani. Mwenye Nikon, Z 40mm f/2 ya mwaka 2021, gramu 170. Pete yake ya kufungia ni ya plastiki na wengi wanainung'unikia, lakini kwa uzito huo plastiki inatosha, tatizo ni kwamba upana inaoshika ni mdogo kidogo kuliko ninavyopenda. Mwenye Sony ana 40mm f/2.5 G ya mwaka 2021, ya chuma, gramu 173, na ana Sigma 35mm f/2, nzito zaidi lakini imejengwa vizuri mno. Kwa sebule zetu ningebeba Sigma. Mwenye Canon hana ndogo hasa yenye upana huo na tundu hilo. Achukue RF 35mm f/1.8 ya mwaka 2018, gramu 305. Inajaza kiganja, lakini ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na inasogea karibu hadi nusu ya ukubwa halisi wa kitu, hivyo pete za maharusi utazipiga kwa lenzi ile ile uliyowapigia wazazi wao.