Hongera, Mafundi wa FidoNet
Kabla intaneti haijafika Kenya, kituo cha mazingira cha ELCI jijini Nairobi kilikuwa tayari kinatuma barua pepe kwa FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings wa Marekani mwaka 1984. Programu ya FidoNet ilienea kwa disketi, mtu akimnakilia mwenzake. Barua zilibanwa katika faili moja, zikangoja usiku. Kisha modemu ikakoroma kwenye laini ya simu, na furushi zima likavuka hadi mtandao wa GreenNet, London. Ni kama mabasi ya River Road, Nairobi: mzigo hukusanywa mchana, husafiri usiku. Simu za ng'ambo zilikuwa ghali, na laini ikikatika (mvua ikinyesha, usiseme!) fundi alilazimika kupiga tena. Hongereni sana. Mashirika mengi yalionja barua pepe kwanza kupitia kwenu.