Kipupwe cha Mstaafu

Lipo neno moja la Kiswahili ambalo wahakiki wetu hulipita kila siku bila ya kulitazama, nalo ni kiinua mgongo. Mtu akimaliza utumishi wake hupewa fedha kwa mkupuo, na fedha hizo zikaitwa kwa jina hilo, kana kwamba kazi ilikuwa imeuinamisha mgongo wake miaka thelathini, na malipo haya ya mwisho ndiyo yatakayounyosha. Neno kustaafu lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na asili ya maana yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Basi lugha imekwisha kutoa hukumu yake kabla ya mwandishi kushika kalamu: mstaafu ni mtu aliyepewa udhuru, na mgongo wake umeinuka. Lakini nenda Nachingwea au Ruangwa mwezi wa Julai, umtafute mwalimu aliyestaafu akarudi kwao. Utamkuta chini ya mkorosho, naye ameinama.

Makala haya yanahusu mgongo huo ulioinama mara ya pili, na jinsi maandishi yetu yanavyopenda kutouona.

Picha ya mstaafu shambani tunaijua sote. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi juu ya uzee na kustaafu, na karibu zote zina nyumba ya bati, mwembe, kiti cha uvivu, redio na wajukuu. Shamba limo, lakini limo kama pazia lililotundikwa nyuma ya wachezaji. Upepo wa kipupwe unavuma polepole, mzee anakumbuka ujana wake, insha inakwisha. Siwalaumu sana wanafunzi. Picha hiyo wameipokea, na sehemu yake kubwa imetoka katika vitabu vya nchi za baridi. Huko theluji huifunika ardhi na mkulima hupewa ruhusa na majira yenyewe. Mwandishi wa huko anapomweka mzee wake kando ya moto na kumwacha anyamaze, anasema kweli ya mahali pake. Sisi tuliichukua kweli hiyo tukaivika kanzu, tukadhani imekuwa yetu.

Kipupwe cha kusini ni kitu kingine. Mvua za huko ni za msimu mmoja, huanza yapata Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Ikifika Juni anga ni safi, usiku una baridi ya kujifunika, majani yamekauka, na mgeni apitaye njiani husema nchi imelala. Haikulala. Ufuta umekwisha kuvunwa na watu wanafuatilia mnada. Mbaazi zinakomaa. Na juu ya yote hayo, mikorosho inachipua na kuelekea kuchanua, na maua yake yana adui aitwaye ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, upendao hasa miezi hii ya ubaridi. Ukilishika ua, korosho ya mwaka huo haipo tena. Dawa yake ya kawaida ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwa bomba la injini, na wakati wake ni alfajiri mno, upepo haujaamka na umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Kwa hiyo asubuhi ya kipupwe ambayo insha zetu huisifu kwa ukimya wake ndiyo saa ya ngurumo za injini, kikohozi, macho mekundu na harufu ya kiberiti nguoni. Ukimya upo, sikatai. Huja baadaye, saa nne hivi, mabomba yamezimwa na watu wamechoka. Ni ukimya wa kungoja, kwa kuwa hapana ajuaye kama ua litashika.

Katika fasihi yetu iliyochapishwa, kitabu kinachokaribia jambo hili ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Utubora huacha kazi ya mjini kwa tajiri wake akaenda Busutamu kushika jembe. Ni kitabu cha heshima, na nafasi yake katika historia ya riwaya yetu haihitaji utetezi wangu. Hata hivyo Busutamu ni mahali pa tabia kuliko mahali pa mazao. Shamba limewekwa pale ili lithibitishe utu wa mtu, kama jina lake linavyotangaza, na shamba lenye kazi ya namna hiyo haliwezi kumshinda mwenyewe. Ardhi yake haina ubwiriunga. Tena Utubora huenda kwa hiari, na nguvu zake zimo mwilini. Mstaafu huenda kwa sababu umri umefika. Inasikitisha kwamba aliyekuwa na uwezo wa kutuandikia tofauti hiyo hakupewa muda: Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, akatumika serikalini tangu 1926, na alipofariki mwaka 1962 alikuwa na umri wa miaka 53 tu. Alitumika zaidi ya miaka thelathini, akapumzika kidogo mno.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, limo katika silabi mbili. Mstaafu wa insha husema: nimerudi shambani kwangu. Nani aliyesema ni kwake?

Wamwera, Wamakua na Wayao, ambao ndio wengi katika nchi hii, kwa desturi yao ya asili wameuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Desturi hiyo imechanganyika na dini, na sheria, na fedha ya korosho, na wala simwambii msomaji kwamba inafuatwa leo kama zamani. Lakini bado inauliza swali lake. Mtu aliyeondoka akiwa kijana, akafundisha Dodoma na Tabora na Moshi, akarudi ana miaka sitini, anakuta mikorosho iliyokwisha kuwa mikubwa. Mikorosho haikujipalilia. Kuna dada aliyebaki, kuna binti wa dada, kuna mjomba aliyekufa akiilinda. Kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatenga watu wengi wa kusini na miti yao, ugonjwa nao ukaingia, bei ikakatisha tamaa, hata mavuno ya korosho ya nchi nzima yaliyokuwa karibu tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 yakashuka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Shamba lililovuka miaka ile lilivushwa na mtu. Katika insha za kustaafu mtu huyo hana jina. Mara nyingi huja na chai, akaiweka mezani, akaondoka.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Cicero, katika kitabu chake juu ya uzee, alimpa Cato nafasi ya kusifu furaha za mkulima mzee kwa maneno ambayo wasomi wa Ulaya wameyapenda kwa karne nyingi. Lakini Cato huyohuyo aliacha kitabu chake mwenyewe juu ya kilimo, na humo anamshauri mwenye shamba auze ng'ombe wazee, na mtumwa mzee, na mtumwa mgonjwa. Uzee mtamu wa bwana ulisimama juu ya uzee wa wengine ambao sokoni haukuwa na thamani. Visomwe vitabu hivi viwili pamoja, kila mara.

Nachingwea yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, msitu ukang'olewa, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa, na reli nayo baadaye iling'olewa. Zikabaki namba: hata leo kuna mahali paitwapo Farm 17, palipokuwa baadaye kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Wapangaji wa karanga nao waliiandika ardhi hii kana kwamba haikuwa na watu wanaoijua. Sifa ya mstaafu juu ya shamba lake ni jambo dogo mno mbele ya kosa lile, lakini sarufi yake ni ileile.

Huenda mtu akaniuliza juu ya Mwalimu Nyerere, aliyeondoka madarakani mwaka 1985 akarudi Butiama, akalima kwelikweli. Matunda ya kalamu yake ya miaka ile ni pamoja na tenzi za Injili zilizotolewa mwaka 1996 na wachapaji Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho; na Ndanda si mbali na Nachingwea. Aliandika pia juu ya uongozi wa nchi. Shamba alililima, kulifanya kitabu ni kazi aliyowaachia wengine.

Na wengine hao wapo. Kipupwe kimoja nilikaa kwa siku chache katika kijiji kimoja cha Nachingwea, kwa mwalimu mstaafu. Mwenyeji wangu alikuwa na daftari la shule, la kurasa mia mbili, ambalo aliliandika kila siku tangu arudi. Hakulihesabu kuwa ni maandishi. Kila ukurasa una tarehe, kisha mti au safu ya miti, kisha lililoonwa: chipukizi, ua, unga mweupe, siafu, tawi lililovunjika. Hakuna sifa hata moja ya mandhari. Lakini safu ya kwanza kushoto, kabla ya tarehe, ni ya jina la mtu aliyeliona jambo hilo kwanza, na katika kurasa za mwaka wa kwanza jina ni moja tu: la dada yake. Jina la mwalimu linaanza kutokea mwaka wa pili, mara chache, na limekatwa mara kadhaa kwa kalamu nyekundu pale alipokuwa amekosea. Nimesoma maandishi mengi ya wastaafu. Sijasoma mengine ambamo mtu aliyezoea kusahihisha wengine anasahihishwa hivi, siku kwa siku, mbele ya macho ya msomaji, na mkono unaotia wino mwekundu ni wake mwenyewe.

Nilimwomba ruhusa ya kunakili kurasa kumi za Juni na Julai ili zichapishwe katika jarida hili. Alifikiri kidogo, akasema kwamba daftari ni lake lakini yaliyomo ni ya shamba, na kwamba ruhusa niiombe kwa dada yake. Dada alikuwa amekwenda Ruangwa msibani. Nilingoja siku tatu, likizo yangu ikaisha kabla hajarudi.