Swali la Mtoto na Jibu la Televisheni

Kipindi cha sayansi kwa mtoto wa miaka mitano ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa umri huo hahitaji kufundishwa kuuliza. Amekwisha kuuliza tangu alfajiri, na aghalabu sisi watu wazima ndio tuliomwambia anyamaze. Kwa hiyo mwenye kutengeneza kipindi hana budi kuamua jambo moja kabla ya mengine yote: je, anataka kulimaliza swali la mtoto, au anataka kulikuza? Nimevitazama vipindi kadhaa vya namna hii pamoja na wajukuu, vingine mara nyingi kuliko nilivyopenda, na naona kuwa hapo ndipo vinapoachana njia.

Nianze na kilichovuma zaidi, The Magic School Bus, kilichoonyeshwa na PBS ya Marekani kuanzia 1994 hadi 1997. Kilitokana na vitabu vya Joanna Cole vilivyochorwa na Bruce Degen, ambavyo vilianza kutoka 1986. Mwalimu Frizzle huwapakia wanafunzi wake katika basi la shule, na basi hilo husinyaa mpaka likaingia tumboni mwa mtu, au hupaa mpaka kwenye sayari za mbali. Kinafurahisha, sikatai. Lakini mtoto anayetazama safari ya chakula tumboni hana namna ya kuyathibitisha aliyoyaona. Anaamini kwa kuwa ameonyeshwa, kama anavyoamini hadithi ya sungura na fisi.

Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo, na dawa waliyoitafuta ndiyo inayonifanya niwaheshimu. Mwishoni simu hulia, mtazamaji analalamika kuwa jambo fulani haliwezekani, na mtayarishaji, kwa sauti ya marehemu Malcolm-Jamal Warner, anakiri lipi ni kweli na lipi lilibuniwa ili hadithi iende. Sijaona kitabu cha shule chenye ujasiri huo. Dakika hizo chache zina sayansi zaidi kuliko safari nzima iliyotangulia. (Kipindi cha kwanza kiliwapeleka watoto mpaka Pluto, ambayo mwaka 2006 iliondolewa katika hesabu ya sayari kubwa. Simu ile ingefaa kulia tena.)

Sid the Science Kid, kilichoanza 2008, kilishika njia nyingine kabisa. Kilitengenezwa na kampuni ya Jim Henson, na vikaragosi vyake vilichezwa na watu wawili wawili: mmoja akiucheza mwili, mwingine akiuendesha uso na kutoa sauti, kisha kompyuta ikaviunganisha. Sura zao, kusema kweli, hazinipendezi. Zinateleza kama samaki aliyepakwa mafuta. Nyimbo nazo hurudiwa mpaka mtu mzima akatamani kutoka nje. Lakini mpango wake ni wa busara. Sid huamka na swali moja dogo: kwa nini ndizi yake imelainika na kuoza, au kwa nini uji wa unga ukishamwagwa kikaangoni hugeuka kuwa kitu kingine. Hulibeba swali hilo siku nzima, kutoka kwa wazazi hadi kwa wenzake, hadi kwa mwalimu Susie, hadi katika gari la bibi yake anapomrudisha nyumbani. Swali moja linalindwa siku nzima, na kila mtu analigusa. Tena vitu vinavyotumiwa ni vya jikoni. Hakuna basi linalopaa.

Mjukuu wangu wa kike, wa miaka sita, alikitazama kile cha chapati za maji nikimfasiria Kiingereza chake kadiri nilivyoweza. Jioni mama yake alipokuwa akisukuma chapati, akaja kuniuliza:

"Babu, chapati ikishaiva inaweza kurudi kuwa donge?"

"Wewe waonaje?"

"Tuitie maji."

Akaloweka kipande katika kikombe, akakifunika kwa kisahani. Asubuhi alikuta kitu kilaini kilichovunjikavunjika, chenye harufu, wala si donge la kusukumwa. Akakasirika, akadai maji hayakutosha, akaloweka kingine. Mama yake alilalamika juu ya chapati zinazoharibiwa, na alikuwa na haki, maana unga una bei. Hapa ndipo ninapomlaumu Sid: katika dunia yake watu wazima hawachoki kamwe, wala hakuna anayehesabu gharama ya jaribio. Mzazi wa kwetu aliyesimama motoni akitazama kipindi hicho atajiona mkosaji bure.

Lakini zingatia, msomaji, lile neno donge. Kipindi kilisema kwa Kiingereza, naye alifikiri kwa Kiswahili, na katikati ilibidi awepo mzee wa kufasiri. Watoto wengi hawana mzee huyo. Ndiyo maana nilipokea kwa furaha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, na baadaye Akili and Me kwa wadogo zaidi, kuhusu msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari huikuta kwa Kiingereza. Akilisikia neno kama msuguano katika mchezo wa kuchekesha, neno hilo huwa lake kabla halijawa la mtihani. Hilo si jambo dogo, na hakuna basi la kichawi liwezalo kumfanyia.

Kasoro ninayoiona ni kuwa mara nyingi swali hutoka upande wa mwalimu. Kilipoanza, watazamaji waliweza kujibu maswali ya Ubongo Kids kwa ujumbe wa simu, tena simu ya kawaida tu, na mhusika wa katuni akawarudishia jibu. Ni ubunifu mzuri wenye kujali hali za watu. Hata hivyo kuchagua herufi ya jibu sahihi ni mtihani uliovaa nguo za sikukuu. Mtoto hapati pa kuweka swali lake mwenyewe.

Wajerumani walimpa nafasi hiyo zamani. Die Sendung mit der Maus, kilichoanza 1971 na bado kinaendelea, hutumia filamu fupi kuonyesha kitu cha kawaida kinavyotengenezwa au kinavyofanya kazi, na mengi huanzia kwenye maswali yaliyotumwa na watoto. Maneno ya ufunguzi husemwa kwa Kijerumani, kisha yakarudiwa kwa lugha ya kigeni, ambayo hubadilika kila wiki. Hakuna uchawi wala haraka: sauti tulivu inaeleza, na kamera inaifuata mikono ya mtu anayefanya kazi.

Filamu za namna hiyo zingeweza kupigwa kwetu hata mwezi ujao. Yuko fundi wa Gerezani anayekunja bati la jiko la mkaa, na yako mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, ambako maji ya bahari huachwa juani mpaka yakabaki mabonge meupe. Mjukuu wangu anakula chumvi kila siku, na juzi aliniuliza nani anaisaga bahari.