Toweett na Kamusi Isiyo na Vitenzi

Hapa Londiani ukimtaja Taaitta Toweett, mazungumzo yataenda moja kwa moja kwenye siasa: KADU, majimbo, uwaziri. Vitabu vyake huachwa nyuma, kana kwamba vilikuwa kazi ya kupitisha wakati. Mimi naona tumemsoma kinyumenyume. Ukitaka kujua alikuwa anawatakia nini watu wake, anza na kamusi.

Siasa yenyewe nitaipitia haraka. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958. Mwaka 1960 chama chake, Kalenjin Political Alliance, kiliungana na vyama vya Pwani, vya Wamaasai na vingine kuunda KADU, Ronald Ngala akiwa kiongozi. Hofu yao ilikuwa kwamba uhuru ukija makabila makubwa yatameza madogo, na ardhi wanayoacha wazungu itachukuliwa na wengine. Dawa waliyoiona ni majimbo. Katiba ya 1963 ikawapa saba, Nairobi kando. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, wakaingia KANU, basi. Toweett baadaye akawa Waziri wa Elimu, na mwaka 1976 akawa rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi, wa kwanza kufanyika Afrika.

Halafu 1979. Mwaka huo mmoja Kenya Literature Bureau ilimtolea vitabu vitatu: utafiti wa isimu ya Kikalenjin, historia simulizi ya Wakipsigis, na kamusi ndogo iitwayo English-Swahili-Kalenjin Nouns Pocket Dictionary. Tazama majalada tu, kabla hujafungua. Mawili yanasema Kalenjin, moja linasema Kipsigis. Akiwa mwanaisimu anatangaza lugha moja. Akianza kusimulia historia, anarudi nyumbani. Sasa Mkalenjin ni nani? Jina lenyewe si la zamani, lilishika miaka ya 1940, kupitia redio wakati wa vita na vijana waliokuwa shuleni. Kabla ya hapo kulikuwa na Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wapokot na wengine, kila watu na usemi wao, na Kipokot kiko mbali kweli na Kikipsigis.

Na maana ya jina hilo? "Nakwambia." Ni kauli kamili, ina kitenzi ndani yake, ina mtu anayesema na mwingine anayesikiliza. Lakini kamusi ya mtu aliyejenga siasa juu ya jina hilo ni ya nomino peke yake. Najua, kamusi ya mfukoni lazima ikate mahali, na mwanafunzi huanza na majina ya vitu. Hata hivyo inanisumbua. Nomino unaweza kuziorodhesha kama mashamba: hili letu, lile lao. Kwa nomino tupu huwezi kumwambia jirani yako chochote.

Kinachoiokoa kamusi ni safu ya katikati, Kiswahili. Toweett angeweza kutoka Kiingereza akaruka hadi Kikalenjin, lakini aliweka daraja. Kwa sisi wa Londiani, mji wa stesheni ya reli ambako Mkipsigis, Mkikuyu na Mkisii wanauziana viazi, hilo si jambo dogo. Septemba 1991 neno majimbo lilirudi kwenye mikutano ya Kapsabet na Kapkatet, safari hii likiwa tishio. Mwaka uliofuata watu walichomewa nyumba Londiani na Kipkelion. Simbebeshi Toweett moto huo. Ila siwezi kusoma maandishi ya Ukalenjin nikajifanya sijui neno lile lilitumika kufanya nini.

Wales kulikuwa na Gwynfor Evans, rais wa chama cha Plaid Cymru tangu 1945 hadi 1981, na mbunge wake wa kwanza mwaka 1966. Mwaka 1980 alisema atakaa bila kula hadi kufa kama serikali ya Thatcher haitatimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikanywea, na stesheni ya S4C ikaanza 1982. Huyo aliipeleka lugha uwanjani. Toweett, naona, aligawa kazi: siasa ipiganie mipaka, lugha ikae vitabuni. Na alikuwa mtaalamu wa lugha kuliko Evans! Ndiyo maana hesabu hii inaniuma.

Alifariki Oktoba 2007, wiki chache kabla ya uchaguzi uliotuchoma tena. Kaunti zilipokuja 2013, elimu ya chekechea iliwekwa chini yake, na Kericho na Bomet kila moja ina yake. Ningependa kaunti hizi mbili zichapishe upya kamusi ile kwa ajili ya watoto hao, safu tatu vilevile, Kiswahili kibaki katikati, na mara hii vitenzi viwemo.